Barua Ndani ya Glovu

Kila tuliyemwambia alicheka. Placida, dada wa Kihaya ninayepanga naye flati hapa Tottenham, alicheka mpaka akakaa chini koridoni, viatu vyake vya kazi mkononi.

"Moroko? Mnaenda kuteleza kwenye theluji Moroko? Naja, kule si ni jangwa? Mtavutwa na ngamia?"

"Kuna milima," nikamjibu. "Februari inajaa theluji. Mchana watu wanateleza kwenye skii, jioni wanateremka Marakeshi kula tende."

"Haya bwana. Mniletee basi mchanga wa baridi."

Nilimwacha acheke. Ulaya bara nilikuwa nimeshajaribu kuomba viza, wakanirudishia pasipoti yangu na karatasi ya kukataa, na sikuwa na hamu ya kunyimwa tena. Moroko walitukubalia wote wawili, mimi na pasipoti yangu ya Tanzania, mpenzi wangu Séraphin na ile hati ya kusafiria wanayopewa wakimbizi. Mlima wenyewe unaitwa Oukaïmeden. Mimi ulimi ulikuwa unajikunja, lakini Séraphin akilitamka jina hilo kwa Kifaransa chake ungedhani kazaliwa pale.

Mnisikilize kwanza kwa nini theluji, halafu mtanihukumu. Nimezaliwa Machame. Asubuhi zote za utoto wangu nilifungua mlango wa jiko la Mama nikaiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nyeupe, karibu kabisa, na sikuwahi kuigusa. Baba alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watalii miaka kumi na tisa, akaniahidi kwamba nikimaliza darasa la saba atanipandisha mwenyewe. Alifariki nikiwa darasa la sita. Theluji ya London siihesabu. Inaanguka alfajiri, saa nne imeshakuwa tope la rangi ya chai mbele ya kituo cha basi.

Séraphin nilipomsimulia hayo hakucheka. Alinitazama kwa yale macho yake yasiyo na haraka, akasema, "Basi mimi nitakupeleka." Mwezi huohuo akaanza kuomba likizo kazini.

Sasa niseme ukweli mapema, maana sipendi kujifanya malaika. Ile Jumamosi ya tarehe kumi na saba Januari, alipokuja kujaribu nguo za safari, nilikuwa nimeficha barua yake siku kumi na moja. Ilikuwa ndani ya glovu yangu ya kushoto, kwenye begi la nguo za theluji, chini ya kitanda changu. Barua ilisema mke wake yuko hai.

Ndiyo, mke wake. Mimi na Séraphin tulijuana siku ya kuondoa matanga ya huyohuyo mke.

Yeye ni Mkongomani wa Uvira, dereva wa basi, mwanaume mrefu mpole anayevua kofia hata akiingia dukani. Mwaka walipokimbia, alimpandisha mkewe Armelle na binti yao wa miaka minne kwenye boti ya kuvuka ziwa, yeye akabaki nyuma siku moja kumtafuta mama yake. Boti ikazama. Mtu mmoja aliyeokoka akamwapia kwamba hakuna mwanamke wala mtoto aliyetoka majini. Hata hivyo, alipofika huku Séraphin aliandikisha majina yao kwenye shirika linalotafuta ndugu waliopotezana, akangoja, akangoja. Mwishowe Pasta wao hapa Tottenham akamwambia, mwanangu, huwezi kuishi hivi, tufanye msiba bila mwili. Wakaweka picha ya Armelle mezani mbele ya kanisa, wakalia. Baada ya mwaka wakakusanyika tena, Pasta akamvua shati jeusi akamvisha jeupe, na kuanzia siku hiyo akawa huru kuoa. Hiyo ndiyo desturi yao. Mimi nafanya kazi na Mama Pasta kwenye nyumba ya wazee, akaniomba nikamsaidie kupika. Nilimpakulia Séraphin wali na sombe, kisamvu cha kwao, akala yote, akarudi na sahani akauliza nani amepika. Kumbe siku ile tulimzika mtu mzima wa afya, na mimi nikapakua chakula.

Barua zake zinakuja kwangu kwa sababu amehama vyumba mara nne. "Fungua tu, mpenzi," huwa anasema, "kile Kiingereza cha barua kinanichosha." Basi nilifungua. Nilidhani ni mambo ya kodi ya kauntsili, ile ya halmashauri. Niliisoma nimesimama jikoni na koti langu mwilini, nikaisoma tena nimekaa. Wamempata mwanamke anayeitwa Armelle na binti anayeitwa Miradie, majina na miaka inalingana, wako kambi ya Nyarugusu, Kasulu, mkoa wa Kigoma. Namba ya simu hii hapa.

Kigoma! Nchini kwangu! Miaka yote namfariji mwanaume huyu, namwambia Mungu ndiye anayejua, kumbe mkewe anachota maji Tanzania.

Nilipiga ile namba. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka apokee mtu mwingine kabisa aniambie wamechanganya majina.

"Allô?" Sauti ya msichana.

"Naongea na nani?"

"Ni Miradie. Mama amekwenda kwenye maji. Wewe ni wa ile barua ya baba?"

Nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Mama alisema watapiga," akaendelea mbiombio, kana kwamba naweza kumkimbia. "Alisema nikae na telefone, nisimpe mtu. Niko nayo tangu Jumapili."

"Hapana, mama," nikasema. "Nimekosea namba."

Nikakata. Mtoto wa miaka kumi na miwili, nikamwambia nimekosea namba.

Placida nilimwambia siku ya nne, kwa sababu alinikuta nalia juu ya sufuria ya maharage. Safari hii hakucheka.

"Kwa hiyo unampeleka mume wa mtu akateleze kwenye theluji."

"Wiki moja tu, Placida. Wiki moja ya maisha yangu. Tukirudi nampa barua mkononi, naapa."

"Naja, mtoto amekaa na simu."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekula hayo maharage."

Alijifungia chumbani kwake na hakuniongelesha siku mbili. Na mimi, badala ya kutoa ile barua, niliihamisha kutoka kwenye droo nikaiingiza ndani ya glovu, mahali ambapo mwanaume hana sababu ya kutia mkono.

Jumamosi ile alikuja saa sita mchana, amenyoa, amevaa shati jeupe, ana mfuko mkubwa wa duka la mitumba la pale High Road.

"Fumba macho," akasema.

"Séraphin, nina kazi."

"Fumba macho, mwanamke wa Machame."

Nilipofumbua, alikuwa amevaa suruali ya theluji ya rangi ya bluu, ina mikanda ya mabegani, fupi juu ya vifundo vya miguu. Alikuwa kama fundi bomba aliyerefuka ghafla. Nilicheka. Yesu wangu, nilicheka kwa dhati, na kicheko kikaniuma kifuani.

"Ni fupi!"

"Hakuna ingine. Mzungu wa urefu wangu hakutoa yake." Akapinda magoti, akanyoosha mikono mbele, namna Bhavini meneja wangu alivyotufundisha siku moja kwenye maegesho ya kazini, yeye akiwa ndiye mtu pekee tunayemjua aliyewahi kukanyaga skii. "Magoti hivi. Macho mbele. Usiangalie miguu. Eti ukiangalia miguu unaanguka?"

"Ndivyo alivyosema."

"Bon. Basi mimi nitakuangalia wewe tu."

Aliniangalia. Nikageuka kuwasha birika ambalo lilikuwa limeshachemka.

Akatoa daftari lake kwenye koti, lile analoandikia ratiba zake za basi, akaniwekea mezani ukurasa wa safari. Mwandiko wake umenyooka, wa watu waliosomeshwa na masista. Siku ya kwanza, kufika, kulala Marakeshi. Siku ya pili, gari la kupanda mlima, kukodi skii na buti, kupata mwalimu. Siku ya tatu alikuwa ameandika neno moja tu, Baba.

"Hii ni nini?"

"Ile siku tutapanda mpaka pale juu mashine ya kupandisha watu inapofika. Utaigusa theluji kwa mkono mtupu, si na glovu. Utamwambia baba yako umefika." Akalifunga daftari. "Halafu na mimi nina neno langu la kukuambia pale. Lakini sisemi leo."

Nilijua ni neno gani. Mama Pasta hana siri; alishaniambia kuhusu pete.

"Lete glovu zako nizione," akasema. "Nasikia zile za bei rahisi zinaingiza maji."

"Zipo sawa."

"Lete tu, Naja."

"Nimesema zipo sawa!"

Akainua mikono kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Kisha akaenda taratibu dirishani, mahali penye chungu changu cha isale. Waingereza wanauza mmea huu kama pambo la nyumba, hawajui wanauza nini. Kwetu Uchagani mtu aliyekukosea akija kwako na jani la isale mkononi, humkatalii, hata kama alikuchomea nyumba. Ukimkatalia, kosa linahamia kwako. Nilimfundisha mwenyewe mwaka jana, na tangu hapo kila akichelewa kwa sababu ya shifti ananichumia jani kwenye mmea wangu mwenyewe, anapiga magoti, anatoa sauti ya Pasta, "Dada, nimekuja na jani." Mmea ulikuwa umebaki na majani machache kwa ajili ya ujinga wake.

Kabla hajachuma, simu yangu ikaita. Video. Mama.

Nilikuwa nimesahau kabisa.

Mama hakumtaka Séraphin tangu mwanzo. Kwake haikuwa Ukongo wala ukimbizi. Alikuwa anauliza jambo moja, na analiuliza kila Jumapili: "Anakuja kuposa na nani? Nani atakaa upande wake? Mwanaume hana baba, hana shangazi, hata kaburi la mkewe halipo. Nimpe mwanangu mtu wa hewani?" Miaka miwili. Hatimaye Pasta na Mama Pasta wakakubali kusimama kama wazazi wa Séraphin, wakampigia Mama wenyewe wakaongea naye saa nzima. Baada ya hapo Mama akalainika. Alisema atazungumza na Séraphin ana kwa ana, Jumamosi saa kumi jioni ya kwao, mbele ya baba zangu wadogo. Akiridhika, barua ya posa ipokelewe.

Séraphin hakuwa amesahau. Ndiyo maana ya shati jeupe.

"Shikamoo Mama," akasema, ameinama mbele ya simu. Shikamoo nilimfundisha mimi, kwao hawana.

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu. Hakuwahi kumwita hivyo. Nyuma yake nikawaona baba zangu wadogo wawili wamekaa kwenye kochi na makoti yao ya kanisani. Kulikuwa na kilemba kipya kichwani kwa Mama. Alikuwa amejipamba kwa ajili ya siku hii.

"Umevaa nini hicho?" akauliza.

"Suruali ya theluji, Mama. Nampeleka Naja akaguse theluji."

"Moroko, nimesikia. Watu wa hapa wananiambia mkwe wako kachanganyikiwa, anatafuta theluji jangwani." Baba wadogo wakacheka. Mama naye akacheka, halafu akajifuta jicho kwa ncha ya kitenge. "Marehemu baba yake aliahidi hivyo hivyo. Mungu akubariki kwa kukumbuka."

"Amina, Mama."

"Sasa sikiliza, Séraphin. Mimi nina swali moja tu, nikimaliza nimemaliza. Mke wako wa kwanza. Una hakika?"

"Mama, tulifanya matanga. Pasta alikueleza."

"Alinieleza. Sikuulizi ya Pasta. Nakuuliza wewe, mbele ya hawa baba zake. Sitaki mwanangu avae shela halafu siku moja mwanamke asimame mlangoni na watoto. Unaapa kwamba huna mke aliye hai duniani?"

Séraphin alisimama wima. Mwanaume mzima, shati jeupe, suruali ya bluu inayoishia juu ya vifundo, akainua mkono wa kulia kama aliyesimama mahakamani. Hakuna mtu mkweli kama yule niliyewahi kumjua, na alikuwa anakwenda kuapa uongo kwa kinywa safi, kwa sababu yangu.

"Mbele ya Mungu, Mama, na mbele ya hawa wazee, mimi na—"

"Usiape!"

Nilipiga kelele mpaka Placida akafungua mlango wa chumbani kwake. Nikaichukua simu. "Mama, nitakupigia," nikakata.

"Naja?" Mkono wake ulikuwa bado juu. "Una nini? Mama yako atafikiri nini sasa?"

Placida alinitazama, akaingia ndani akafunga mlango polepole.

Nilikwenda chumbani, nikavuta begi, nikatoa glovu ya kushoto. Nilirudi nayo jikoni, nikatia vidole, nikaichomoa barua, imekunjwa mara nne, ina joto la pamba. Nikamwekea mezani juu ya daftari lake.

"Isome."

"Ni Kiingereza. Nisomee."

"Siwezi. Isome wewe."

Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikitikisika. Nilijua kidole kimefika wapi kwa kutazama tu. Kilifika kwenye jina, kikasimama. Kikarudi nyuma, kikaja tena kwenye jina. Alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye friji, miguu mirefu imenyooka ndani ya ile suruali, na hakulia. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Yule aliyeokoka aliniambia... Alishika mkono wangu akaniapia."

"Najua."

"Tulimlilia. Nilivua shati." Akaitazama tena barua, na mara hii kidole kikapanda juu kabisa, penye tarehe. "Ilifika lini?"

Ningeweza kusema jana. Hata wakati ule uongo ulikuwa tayari ulimini.

"Tarehe sita."

Alihesabu. Nilimwona anahesabu.

"Ulipiga hii namba?"

"Nilipiga. Alipokea Miradie."

"Wewe uliongea na mtoto wangu?"

"Ndiyo."

Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nayataka. Badala yake aliinua uso, uso wa mtu anayeomba maji.

"Ana sauti gani?"

Hapo ndipo nilipovunjika. "Nzito kidogo," nikamwambia, huku machozi yananiingia mdomoni. "Anaongea haraka. Anasema allô kama wewe. Alisema mama amekwenda kwenye maji, na yeye ameambiwa akae na simu."

"Ukamwambia nini?"

"Séraphin..."

"Naja, ulimwambia nini mtoto wangu?"

"Nilimwambia nimekosea namba."

Alinyanyuka. Hakunigusa, hakunisukuma. "Siku kumi na moja," akasema kwa sauti ya chini, "mtoto anangoja, na wewe uko unacheka suruali yangu." Akachukua barua na simu yake, akafungua mlango, akatoka nje kwenye ule ujia mrefu unaopita mbele ya milango ya flati zote.

Nilimwona kupitia dirisha la jikoni. Baridi ile, hana koti, ameegemea ukuta na ile suruali ya theluji, majirani wanampita na mifuko ya sokoni wanageuka kumtazama. Aliweka simu sikioni. Nikasikia, kwa sababu kioo ni chembamba, nikasikia anasema, "Armelle? Ni mimi. Ni mimi. Ni mimi." Akateleza ukutani mpaka chini, akajiziba uso kwa mkono wake wa bure.

Mama akapiga tena. Nikapokea, bila video.

"Mwanangu, amekataa kuapa?"

"Hapana, Mama. Mimi ndiye niliyemkataza. Mke wake yuko hai. Yeye hakujua."

Nilisikia mmoja wa baba wadogo anauliza kuna nini, na Mama akawaambia tokeni kwanza nje.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Mama."

Nilingoja anipige maneno. Alivuta pumzi, na sauti ilipotoka ilikuwa ya kilio. "Na mimi nilikuwa nimeshaanza kumpenda," akasema. "Leo asubuhi nimewaambia majirani. Pole, Naja wangu. Pole sana, mama. Lakini usimshike, unasikia? Usimshike hata kidogo."

Séraphin alikaa nje zaidi ya nusu saa. Aliporudi midomo ilikuwa ya kijivu kwa baridi. Nilikuwa nimesimama katikati ya jiko na jani la isale, nimelichuma mwenyewe, nimelishika kwa mikono miwili kama tunavyofundishwa. Nikapiga magoti.

"Nimekukosea," nikamwambia. "Nimekuja na jani."

Alilitazama.

"Mimi siyo niliyengoja kwenye simu," akasema. "Mwenye kukosewa ni Miradie. Hilo jani ni lake, siwezi kulipokea mimi."

Akanipita. Alikwenda dirishani, na mimi bado niko chini, nikasikia jani linakatika. Akaja akapiga magoti mbele yangu, tukawa tumetazamana, wawili sakafuni, pua zetu karibu kugusana. Hakutoa sauti ya Pasta safari hii. Macho yalikuwa mekundu.

"Nilikuahidi mbele ya mama yako," akasema. "Nilikuahidi mlima. Siwezi tena. Armelle hakuolewa, Naja. Miaka yote hii, hakuolewa. Alikataa kunifanyia matanga. Watu walimwambia afanye, akakataa." Akanisogezea jani. "Nakuacha. Sina neno lingine. Nimekuja na jani."

"Unajua hilo silikatai."

"Ulinifundisha wewe."

"Unanipenda?"

"Usiniulize hivyo."

"Nataka kusikia mara moja tu."

"Nakupenda," akasema. "Ndiyo maana nimepiga magoti."

Nililipokea. Kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Hakuna kitu kizito nilichowahi kukipokea kama lile jani. Kisha tukasaidiana kunyanyuka, kama wazee ninaowahudumia kazini.

"Kuna jambo lingine," akasema, anaona aibu. "Likizo yangu ni ileile. Nataka niende Kasulu. Na ile fomu ya viza..."

"Ni ya Kiingereza," nikamalizia.

"Ni ya Kiingereza."

Nikafungua laptopu. Picha ya mlima wa Oukaïmeden ilikuwa bado imejaa kwenye kioo, watu wenye kofia nyekundu wanateremka. Nikaifunga. Nikafungua fomu ya viza ya nchi yangu mwenyewe. Tulikuwa tumepanga niijaze mwezi wa sita, aje kwetu Machame, na mwenyeji wake awe Mama. Jina, nikaandika. Tarehe ya kuzaliwa, naijua kwa kichwa. Alikaa kando yangu, goti lake mbali na langu, mikono imekunjwa mapajani. Tukafika penye jina la mwenyeji.

"Armelle," akasema. Akanitajia majina yake yote matatu, akinisubiri niandike kila herufi.

"Uhusiano?"

Nikaandika mke, nikabonyeza, tukaendelea.

Tulipomaliza, alivua suruali ya theluji bafuni, akaikunja vizuri, akaiacha juu ya kiti. Daftari lake akalichukua. Mlangoni nilimwambia asimame kidogo. Nikachukua jani langu, lile alilolikataa, nikalifuta vumbi kwa kanga yangu, nikalilaza ndani ya bahasha ya ile barua na kumpa.

"Mpelekee Miradie."

"Hatajua maana yake."

"Utamweleza. Mwambie limetoka kwa yule mwanamke wa simu," nikasema. "Mwambie hakuwa amekosea namba."